Kabla ya kutia sahihi, uliza nambari ya jaribio

UNAPOMPELEKA mtoto hospitalini, huenda siku moja ukaketishwa kando na kuelezwa kwamba kuna dawa au chanjo inayofanyiwa majaribio, na kwamba mtoto wako anaweza kushirikishwa. Utasomewa fomu ya idhini, kisha utaombwa kutia sahihi au alama ya kidole gumba. Wazazi wengi huuliza kuhusu madhara ya dawa na nauli ya kurudi nyumbani. Ni haki yao. Lakini kuna swali ambalo ni wachache huliuliza: je, jaribio hili limeandikishwa katika daftari la umma, na nambari yake ni ipi?

Ili uone uzito wa swali hilo, tazama yaliyotokea Uingereza mwaka wa 1980. Madaktari waliijaribu dawa iitwayo lorcainide, ya kurekebisha mapigo ya moyo, kwa wagonjwa 95 waliokuwa wamepatwa na mshtuko wa moyo. Baadhi walipewa dawa yenyewe na wengine wakapewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani, ili walinganishwe. Katika kundi la kwanza walikufa watu tisa, na katika la pili mmoja. Watafiti walidhani tofauti hiyo ilitokea kwa bahati tu. Dawa ikaachwa kwa sababu za kibiashara, na matokeo yakabaki kabatini hadi mwaka wa 1993.

Wakati huo wote, wagonjwa wengine walikuwa wakimezeshwa dawa za jamii iyo hiyo. Ni mwaka wa 1989 ambapo jaribio kubwa la Marekani lilionyesha kwamba mbili kati yake, encainide na flecainide, zilikuwa zikiongeza vifo. Watafiti wa Uingereza walikiri baadaye kwamba matokeo yao yangeweza kuwa onyo la mapema. Onyo gani hilo lisilosikika?

Daftari la umma lipo ili kuzuia mambo kama hayo. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kupewa dawa, watafiti huandika ni dawa gani, wagonjwa watakuwa wangapi, ni nini kitakachopimwa na nani anagharamia. Matokeo yakiwa mabaya, hawawezi kujifanya kwamba jaribio halikuwapo.

Marekani ilifungua daftari lake kwenye intaneti mwaka wa 2000, lakini wengi hawakulijali. Mambo yalibadilika mwaka wa 2004. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York aliishtaki kampuni ya GlaxoSmithKline akidai ilificha matokeo ya dawa yake ya Paxil kwa watoto. Kampuni ilikana, lakini ikalipa dola milioni 2.5 kumaliza kesi na kukubali kutangaza matokeo. Mwezi wa Septemba mwaka huo, wahariri wa majarida makubwa ya utabibu walitangaza kwamba hawatachapisha jaribio lisiloandikishwa kabla ya kuanza. Mtafiti asiyechapisha ni kama mkulima asiyevuna. Kati ya Mei na Oktoba 2005 majaribio katika daftari la Marekani yaliongezeka kutoka 13,153 hadi 22,714. Leo yamepita 500,000.

Afrika nayo ina daftari lake tangu 2009, linalosimamiwa kutoka Cape Town.

Faida yake tumeiona hapa kwetu. Kuanzia 2009, hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zilichunguza watoto 3,141 wenye homa kali ambao damu yao haikuzunguka vyema. Desturi ilikuwa kuwatilia maji mengi mshipani kwa haraka. Jaribio lilisimamishwa Januari 2011: kati ya kila watoto 100 waliotiliwa maji hayo, kama 10 au 11 walikufa katika saa 48, na kati ya wasiotiliwa, kama saba. Jaribio lilikuwa limeandikishwa, na habari hizo chungu zilichapishwa mwaka uo huo.

Hata hivyo, usidhani kazi imekwisha. Wapo wanaoandikisha wakati wagonjwa wameshaanza kutibiwa, jambo ambalo ni sawa na kuweka dau baada ya mechi kuanza. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilitaka matokeo yawekwe hadharani katika miezi 12 baada ya jaribio kumalizika, lakini mengi bado hayaonekani.

Humu nchini, jaribio la dawa lahitaji idhini ya kamati ya maadili na ya Bodi ya Dawa na Sumu. Nambari ya daftari la Afrika huanza na herufi PACTR, ya Marekani NCT, na ya Uingereza ISRCTN. Mwombe anayekusomea fomu akuandikie nambari hiyo kwenye nakala utakayokwenda nayo nyumbani. Kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kukutafutia jaribio hilo, akakusomea lilianza lini na lilipangwa kumalizika lini. Ikiwa anayekuhudumia haijui, mwambie utangoja aulize.