Bakteria wa Ziwa Tanganyika Wanaosubiri Jina

Dagaa na migebuka wanaoshushwa mwaloni Kibirizi, Kigoma, hutoka katika tabaka la juu tu la Ziwa Tanganyika. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini ukishuka mita mia na zaidi oksijeni huisha, na samaki hawaishi tena. Chini ya hapo ni makao ya bakteria na arkea, wengi wao wageni kwa sayansi.

Mwaka 2021, watafiti wa Marekani pamoja na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maji yaliyochotwa upande wa Kigoma na Mahale. Walipata jenomu (DNA nzima ya kiumbe) 523 za vijidudu kutoka faila, yaani makundi makuu, 34. Makundi mawili yalikuwa mageni kiasi cha kupewa majina mapya: Tanganyikabacteria, ndugu wa sianobakteria lakini wao hawatumii mwanga kujitengenezea chakula, na Ziwabacteria.

Kijidudu kama hicho hutambuliwaje? Chupa iliyo wazi juu na chini huteremshwa kwa kamba. Ikifika kina kinachotakiwa, kipande cha chuma huachiwa kiteleze kwenye kamba, na kikigonga chupa, vifuniko hujifunga. Maji hupitishwa kwenye kichujio chenye vitundu vya upana wa 1/5,000 ya milimita, na bakteria hunaswa. DNA yao husomwa ikiwa vipande vilivyochanganyika, mithili ya vitabu vya maktaba nzima vilivyochanwa na kumwagwa sakafuni. Kompyuta ndiyo huunganisha vipande vya kiumbe mmojammoja.

Hapo ndipo ulinganishaji huanza. Jenomu mbili zikifanana kwa asilimia 95 au zaidi, kwa kawaida huhesabiwa spishi moja. Tofauti ikizidi, kiumbe huwekwa katika spishi, jenasi, familia au hata faila nyingine.

Hata hivyo, majina mapya kama Tanganyikabacteria bado hutanguliwa na neno Candidatus, ishara kwamba si rasmi. Ili jina liwe rasmi, kanuni za kimataifa zinataka bakteria aoteshwe maabara na kuhifadhiwa katika hazina za nchi mbili tofauti. Wengi wa kilindini huuawa na oksijeni, na wengine hawaoti wakitengwa na wenzao. Mwaka 2022 ulianzishwa mfumo wa majina wa SeqCode, unaokubali jenomu pekee kuwa ushahidi.

Ni hatua njema, ila haitoshi. Jenomu hueleza kiumbe anaweza kufanya nini. Kumwotesha huonyesha anafanya nini hasa. Jenomu za vijidudu hivi zinaonyesha vinaweza kuchakata naitrojeni na salfa kilindini. Upepo wa kiangazi ukivuruga ziwa, virutubisho vya huko chini hupanda juu, mwani hustawi, na dagaa hupata riziki. Leo ziwa linazidi kupata joto, na maji ya juu na ya chini yanachanganyika kwa shida zaidi. Kituo cha TAFIRI kipo Kigoma. Kikipewa maabara ya kuotesha bakteria wasiohimili oksijeni, na vijana waliofunzwa kazi hiyo, viumbe hawa watachunguzwa na watu ambao chakula chao kinawategemea.