Tiki Moja Haitoshi: Ujumbe wa Simu Unapitia Wapi?



Mwaka jana, usiku wa mvua kubwa, mama mmoja wa bloki yetu alishikwa na uchungu. Mume wake akaja kunigongea mlango. Mimi, kwa kuona salio langu limebaki kidogo, sikupiga simu. Niliandika tu kwenye kikundi chetu cha wahudumu: "Mama ana uchungu, leteni machela." Nikaona tiki moja, nikaridhika. Tukangoja karibu saa nzima. Kumbe simu ya mwenye zamu ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye matope, mikononi mwa bibi yake. Wote ni wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini nilijuta, na ndipo nikaanza kuuliza ujumbe wangu ulikuwa umekwama wapi.

Ulikuwa kwenye seva. Wengi wetu tunadhani kwamba simu yangu inarusha maneno moja kwa moja hadi kwenye simu yako. Sivyo. Ujumbe hutoka kwenye simu, huenda kwenye mnara, unaingia intaneti mpaka ufike kwenye seva. Seva ni kompyuta inayowashwa usiku na mchana, na kazi yake ni kupokea na kugawa. Mara nyingi iko katika nchi ya mbali. Hata kama sisi wawili tuko kwenye foleni moja ya maji, nikikuandikia wewe uliye hatua tatu nyuma yangu, maneno yanasafiri mpaka huko kwanza, ndipo yanarudi kwako.

Seva inajuaje uko wapi? Ukiwasha data, simu yako ndiyo inayoita seva na kusema: mimi namba fulani, nipo. Njia hiyo inabaki wazi. Ujumbe wako ukija, seva inatazama orodha yake, inaona upo, inaupitisha mara moja. Kwenye kikundi cha watu 60 unaandika mara moja tu. Seva ndiyo inayowagawia wengine wote.

Jambo hili halikuanza na simu hizi. Mwaka 1988, kijana wa Finland aitwaye Jarkko Oikarinen, pale Chuo Kikuu cha Oulu, alitengeneza programu ya mazungumzo iitwayo IRC, na ipo mpaka leo. Kila baada ya muda seva yake humwuliza mtu "PING", na kompyuta ya mtu hujibu "PONG". Isipojibu, anaondolewa kwenye orodha. (Watoto wa shule wakilisikia hili wanacheka sana.) Mwezi wa 8 mwaka 1991, watu walipojaribu kupindua serikali ya Umoja wa Kisovyeti, habari zilipita humo. Lakini IRC yenyewe haikuwekei kitu. Usipokuwepo, maneno yamekupita, kama vile mkutano wa bloki.

WhatsApp inafanya tofauti kidogo. Simu yako ikiwa imezimwa, seva inautunza ujumbe mpaka siku 30, kisha inaufuta. Ndiyo sababu ukiwasha simu baada ya siku mbili unasikia milio mfululizo. Sasa tazama alama. Picha ya saa maana yake ujumbe bado haujatoka kwako. Tiki moja: umefika kwenye seva tu. Tiki mbili: umefika kwenye simu ya mwenzako, ingawa huenda amelala. Zikiwa za buluu, amefungua. Lakini wengine huizima alama hiyo. Kwenye kikundi, tiki ya pili haiji mpaka simu za wote zipokee, kwa hiyo bonyeza ujumbe wako kwa muda, ufungue maelezo, utaona nani umemfikia.

Wapo wanaouliza kama seva inasoma mambo yetu. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa siri kuanzia simu hadi simu, hata seva haiwezi kuusoma. Hofu yangu mimi si seva, ni sisi wenyewe. Mtu yeyote wa kikundi anaweza kuutuma mbele. Kwa hiyo tusiandike jina la mgonjwa wala ugonjwa wake. Andika bloki na namba ya nyumba, inatosha.

Kwa uchungu wa kuzaa, kuharisha sana, mtoto mwenye degedege au mtu anayetoka damu nyingi, piga simu ya kawaida. Hapo hapo utajua kama inaita au haipatikani. Kama huna salio, bipu, nasi tutakupigia. Namba mbili za zamu zimebandikwa kwenye mlango wa kituo cha afya na kwenye mabomba ya maji. Zote zisipopatikana, mtume kijana mwenye mbio aje kituoni, hata kama ni usiku.