Fotolaiesi: Kimeng'enya Kinachorekebisha DNA kwa Mwanga

Miale ya urujuanimno ya jua huidhuru DNA kwa kuunganisha vibaya besi, yaani herufi zake, zinazopakana kwenye uzi mmoja, hasa thaimini mbili. Kila thaimini hupaswa kushikana na adenini ya uzi wa pili, lakini zikifyonza miale hiyo huweza kugandana zenyewe kwa zenyewe. Hapo uzi hupinda, na vimeng'enya vinavyonakili DNA hukwama au hukosea. Makosa yakilimbikizana, seli hufa au huanza safari ya kuwa saratani.

Bakteria wengi, mimea, samaki, vyura na ndege wana fotolaiesi, kimeng'enya kinachotengua mgando huo. Hukitafuta kidonda na kukishika hata gizani, ila hakiwezi kukitibu bila mwanga. Ndani yake imo FAD, molekuli itokanayo na vitamini B2. Mwanga wa buluu ukiifikia, FAD huiazima jozi iliyogandana elektroni moja. Viungo viwili visivyostahili hukatika, na elektroni hurudi ilikotoka. Hayo yote huchukua takriban sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Hakuna kipande cha DNA kinachokatwa wala kutupwa, na ndiyo maana njia hii ya ukarabati hustaajabisha.

Mwaka 1949, mtafiti Albert Kelner wa Cold Spring Harbor, Marekani, alichapisha matokeo yake: alikuwa amepiga spora za bakteria wa Streptomyces kwa urujuanimno, akashangazwa na idadi ya zilizopona. Alidhani sababu ni joto, kumbe ni mwanga uliozifikia baadaye. Mwaka huohuo mtafiti mwingine, Renato Dulbecco, aliona jambo hilo kwa virusi vya bakteria. Baadaye Claud Rupert alithibitisha kuwa mtendaji ni kimeng'enya.

Kangaruu na jamaa zake wanacho kimeng'enya hicho hadi leo. Mamalia wenye kondo la nyuma, binadamu akiwemo, walikipoteza. Seli za binadamu hukata kipande chenye jeraha, chenye nyukleotidi (vizio vya DNA) zipatazo 30, kisha hujaza pengo, kazi ya polepole zaidi. Baadhi ya wanaozaliwa na hitilafu katika mfumo huo hupata saratani ya ngozi wakingali watoto. Watu wenye ualbino wanao mfumo huo, ila wana kidogo mno au hawana kabisa melanini, rangi ya ngozi inayozuia miale. Kwao kofia pana, nguo za mikono mirefu na krimu ya kukinga jua ni mahitaji ya kila siku tangu utotoni.