Tangi la Mafuta Likiliwa na Kutu: Kiraka, Mtumba au Jipya?

Sugua kipande cha sabuni ya mche juu ya tundu dogo la tangi la petroli, na tundu litaziba. Madereva wa safari ndefu wanaijua mbinu hii siku nyingi, na inafanya kazi kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Ukivujiwa Chalinze, itakufikisha Morogoro. Hasara huanza baada ya hapo: mwenye gari anaona hakuna tone linalodondoka, anaamua mambo yasubiri, kisha mvua ya kwanza inaiosha sabuni yote.

Kwenye gari la miaka 20 na zaidi, kinachokula fedha mara nyingi ni kazi ya kuliteremsha tangi, kuliko hata tangi lenyewe. Mafuta yamwagwe, mikanda iliyoganda ifunguliwe, bolti zinazogoma zikatwe, mipira ya mabomba iliyokakamaa inunuliwe upya, na gari lilale gereji. Gharama hiyo utailipa hata kama unaziba tundu moja tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chochote, jiulize utamlipa fundi kuliteremsha tangi hilo mara ngapi.

Chukua mfano, halafu uweke bei za mtaani kwako. Tuseme kuteremsha na kurudisha tangi ni shilingi 60,000, kiraka ni 30,000, na tangi la mtumba ni 250,000. Kiraka kinakutoka 90,000, mtumba 310,000. Kiraka kinaonekana nafuu sana. Lakini chuma kilichotoboka sehemu moja kwa kutu kimekwishakonda sehemu nyingine, na kiraka cha pili na cha tatu havichelewi. Hapo umefikisha 270,000, hujahesabu petroli iliyomwagika wala siku ambazo gari halikutoka, na tangi bado ni lile lile bovu.

Jambo la kwanza ni kujua kutu imeanzia wapi. Ya nje hupenda kujificha chini ya mikanda inayoshikilia tangi, maana kipande cha mpira kilichowekwa hapo hushika maji na udongo, na pia juu ya tangi, mahali ambapo hakuna anayeosha. Tanga, Mombasa na Unguja upepo wa chumvi huharakisha kazi hiyo. Na magari yanayotoka Japani yasikudanganye kwa rangi inayong'aa: yaliyotumika Hokkaido na sehemu nyingine za theluji yamepita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chini yake hufika bandarini yameshaanza kuliwa.

Kutu ya ndani huletwa na maji. Tangi likikaa nusu, hewa yenye unyevu huingia. Usiku ukipoa, unyevu hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, kwa hiyo hutua chini kabisa na kubaki hapo. Dalili yake ni gari kukata nguvu kwenye mlima, kisha ukisimama dakika chache linaondoka vizuri kama halikuwa na shida. Chembe za kutu zilikuwa zimeziba chujio la pampu. Pampu ilipopumzika zikadondoka. Watu wengi hununua pampu mpya, na baada ya muda mfupi hiyo mpya nayo inalia. Ondoa filta, mimina kilichomo kwenye chombo cheupe, utazame. Ukiona unga wa kahawia, chimbuko liko kwenye tangi.

Tangi likishateremshwa na kumwagwa, kipimo changu ni bisibisi. Bonyeza kwa nguvu kando ya mshono na pale mikanda ilipokuwa. Chuma kikibonyea au kikitoboka, usipoteze fedha kukitibu.

Kikiwa bado kigumu na kutu ni ya nje, una bahati, kwa sababu kinga ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote. Brashi ya waya ya mkono, msasa wa maji, dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, praima yenye zinki, rangi, na mpira mpya chini ya mikanda. Mashine ya kusaga iwekwe mbali, kwa kuwa cheche zake zinatosha kuwasha mvuke wa petroli. Vumbi nalo lisipuuzwe: matangi mengi ya zamani yalipakwa mchanganyiko wa risasi na bati, na risasi ni sumu. Kitu ninachokipinga kabisa ni kupaka lami nyeusi juu ya kutu bila kusafisha. Unyevu unafungiwa ndani, kutu inaendelea, na wewe huioni tena.

Kwa kutu ya ndani kuna dawa za kupaka ambazo hukauka na kuwa ngozi ngumu. Tangi huoshwa, hutikiswa likiwa na mnyororo au nati ndani ili kutu ibanduke, huoshwa kwa asidi, hukaushwa kabisa, ndipo dawa inapozungushwa. Hatua ya kukausha ndiyo inayoharakishwa gereji, na ndiyo inayoamua yote. Dawa iliyopakwa juu ya unyevu au mafuta hubanduka vipande vipande na kuziba njia ambazo kutu haikuziba. Vibomba vidogo vya marejeo navyo vipulizwe hewa dawa ikiwa bado mbichi, la sivyo huziba. Kwa Corolla ya kawaida sioni maana ya gharama hii. Kwa gari ambalo tangi lake halipatikani, inalipa.

Sasa kuchomelea. Hapa naomba msomaji asimame. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke wa petroli ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa unatosha. Kuliosha kwa maji baridi na kulianika juani hakuliondolei hatari hiyo: petroli hubaki kwenye mishono na ndani ya magamba ya kutu, kisha moto ukifika inageuka mvuke. Dizeli nayo ikipashwa moto hufanya vivyo hivyo. Fundi anayejua kazi huliosha kwa maji ya moto na sabuni au kwa mvuke wa maji, kisha hulijaza maji na kuacha nafasi ndogo tu pale anapochomea. Fundi akikuambia amezoea kuchomea bila hayo, chukua tangi lako uondoke.

Tangi la mtumba ndilo chaguo langu kwa Toyota zinazojaa mitaani, mradi ulikague kabla ya kulipa. Lifunguliwe pale pampu inapokaa, umulike ndani kwa tochi. Hesabu mabomba na ulinganishe na la kwako, kwani la injini ya petroli na la dizeli ya gari lile lile mara nyingi hayafanani. Jipya la kiwandani litadumu zaidi, lakini kwa gari la umri huo bei yake ni vigumu kuitetea.

Kwa Land Rover za zamani, zile zenye tangi chini ya kiti, la kutengeneza kwa fundi linafaa sana, maana umbo lake ni la sanduku. Dai kuta za ndani za kuzuia mafuta kuyumba, bomba la kupumulia, na boya la geji lipimwe upya. Usikubali bati lililopakwa zinki kwa gari la dizeli: dizeli hujibizana na zinki, na masalia yake huishia kwenye nozeli. Kwa gari la petroli lenye injekta nakushauri uachane na la kutengeneza. Mengi ya matangi yake yana kikombe cha ndani kinachoiweka pampu ndani ya mafuta hata ukikata kona. Bila hicho, pampu inayopozwa na mafuta hayo hayo huvuta hewa na kuungua.

Lolote utakalochagua, nunua filta mbili. Moja ifungwe siku tangi linaporudi, na ya pili baada ya wiki moja, kwa kuwa kutu iliyokwishaingia kwenye mabomba itaendelea kuja. Kwa dizeli usiahirishe, kwani kutengeneza pampu ya nozeli kunaweza kuzidi bei ya tangi. Na gari likienda kulala miezi, lijaze mafuta kwanza.