SARATANI INAPORUDI: DAWA MPYA HUPIMWAJE?

Na Mwandishi Wetu

Miongoni mwa maradhi yanayowapata akina mama, saratani ya ovari, yaani ya vile viungo viwili vya tumboni vinavyotunza mayai ya uzazi, ni mwizi anyataye. Hukua kimyakimya, na mara nyingi mgonjwa hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Hapo hupasuliwa, kisha hutiwa mshipani dawa kali, hasa zile zitokanazo na madini ya platinamu. Wengi hupata nafuu. Lakini wengi pia huja kuambiwa kwamba ugonjwa umerudi. Hupewa dawa tena na tena, hadi siku ambapo platinamu haifui dafu. Saratani ikirudi kabla ya miezi 6 kupita tangu dawa hiyo ilipotolewa mara ya mwisho, madaktari husema imekuwa sugu.

Mama aliyefikia hapo ana swali moja tu: Je, ipo dawa nyingine? Makala haya yaeleza jinsi dawa moja ilivyotafutwa, ikashindwa, na ikapimwa upya.

SUMU YA KICHAKANI

Mwaka 1972 mwanakemia S. Morris Kupchan na wenzake wa Marekani walitangaza kwamba wamepata katika kichaka cha Ethiopia sumu kali sana iitwayo maitansini. Mmea wa jamii hiyo hiyo huota pia katika vilima vya Shimba, pwani ya Kenya, na mwaka 1976 zaidi ya tani 27 zilivunwa huko kwa ajili ya utafiti wa Wamarekani. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini sumu hiyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa, madhara yake yalizidi manufaa, ikawekwa kando.

Baadaye wataalamu walipata hila. Badala ya kuiacha sumu ya ukoo huo itangetange mwilini, waliifunga kwenye kingamwili, yaani protini iliyoundwa kutafuta alama moja tu. Alama yenyewe ni mlango mdogo kwenye ngozi ya chembe hai, unaopitisha foleti, vitamini ipatikanayo katika mboga za majani. Chembe nyingi za saratani ya ovari zina milango hiyo kwa wingi. Chembe nyingi za kawaida zina michache. Kingamwili hushika mlango, humezwa pamoja na mzigo wake, na sumu hufunguliwa ndani kwa ndani. Dawa hiyo huitwa mirvetuximab soravtansine.

CHUJIO LILILOPITISHA MAKAPI

Jaribio kubwa la kwanza, FORWARD I, lilihusisha wagonjwa 366. Mwaka 2019 matokeo yalipotoka, dawa mpya haikuthibitika kuuchelewesha ugonjwa kuliko dawa za kawaida. Wapo ambao wangeitupa. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wataalamu waliirudia mikato ya uvimbe ya wagonjwa wale wale na kuipima kwa kanuni kali zaidi. Ikaonekana kwamba chujio lililotumika lilikuwa legevu: wanawake wenye milango michache walihesabiwa pamoja na wenye milango mingi. Waliokuwa na mingi kweli walionekana kufaidika.

Hata hivyo, msomaji mpenzi, huo haukuwa ushahidi wa kutosha. Anayechora shabaha baada ya mshale kutua hakosi kamwe. Ilibidi kanuni iwekwe kwanza, ndipo jaribio lianze.

KURA YA HAKI

Ndivyo lilivyofanywa jaribio la MIRASOL. Wanawake 453 walishiriki, wote wakiwa na saratani iliyokuwa sugu kwa platinamu, wamekwisha kupata awamu 1 hadi 3 za matibabu, na angalau asilimia 75 ya chembe za uvimbe wao zikionyesha milango kwa nguvu. Kwa kura, 227 waliwekwa upande wa dawa mpya na 226 upande wa dawa za kawaida. Kura ilihitajika kwa sababu daktari, kwa huruma tu, angeweza kuwapa dawa mpya wale wenye nguvu zaidi, na sifa ikaiendea dawa isivyostahili.

Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Uvimbe ulipungua vya kutosha kwa wagonjwa 42 katika kila 100 waliopewa dawa mpya, na 16 katika kila 100 upande wa pili. Nusu ya wale wa kwanza waliishi zaidi ya miezi 16. Upande wa pili, nusu ilifikia karibu miezi 13. Machi 2024 Marekani ikaipa dawa hiyo kibali kamili.

TUSEME UKWELI

Hii si dawa ya kuponya. Huongeza miezi, na huwafaa wale tu ambao uvimbe wao una milango mingi, kiasi cha theluthi moja ya wagonjwa. Wagonjwa wapatao 4 katika kila 10 waliona ukungu machoni, hivyo macho hukaguliwa na kutiwa dawa za matone. Lakini waliolazimika kuacha tiba kwa sababu ya madhara walikuwa asilimia 9, dhidi ya 16 waliokuwa wakitumia dawa za kawaida. Miezi mitatu na ushei inaweza kuonekana michache kwa mtu mzima wa afya. Kwa mama anayengoja mwanawe amalize shule, si michache.

Jamaa wa mgonjwa wasione haya kumwuliza daktari: Uvimbe umepimwa alama gani? Dawa hii inatarajiwa kuleta nini, kuponya au kurefusha maisha? Na akialikwa katika jaribio, mgonjwa ana haki ya kuelezwa yote, kukataa, au kujitoa wakati wowote.

Nanyi akina mama, tumbo likijaa gesi siku baada ya siku, mkishiba kwa matonge machache, mkiumwa nyonga au kwenda haja ndogo mara kwa mara kuliko desturi, na hali hiyo ikiendelea kwa majuma, msiridhike na vidonge vya dukani. Nendeni mkapimwe.