Ujenzi wa Mabadiliko ya Ndani ya Mhusika katika Rasimu za Hadithi Fupi: Mfano wa Mandhari ya Tunduma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mtunzi wa hadithi fupi anavyoweza kuyajenga mabadiliko ya ndani ya mhusika kadiri rasimu zinavyofuatana. Ufafanuzi unatumia hadithi ya mfano, iliyobuniwa kwa ajili ya makala haya, kuhusu mbadilisha fedha wa Tunduma mwaka 2013. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko hayasadikiki kwa kutajwa. Husadikika pale imani ya awali ya mhusika inaposhindwa kukieleza anachokiona, naye akatenda jambo linalomgharimu.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili huwagawa wahusika kuwa bapa na duara, mgawanyo unaotokana na E. M. Forster katika Aspects of the Novel (1927). Kwa Forster, mhusika duara hupimwa kwa uwezo wake wa kumshangaza msomaji huku akisadikika. Kipimo hiki kinamfaa mhakiki aliye na kazi iliyokamilika mkononi. Mtunzi aliye mbele ya rasimu anahitaji jambo la ziada: kujua mshangao huo unatengenezwa kwa hatua zipi.

Tanzu nyingine zina nyenzo zake. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert aliwaita ndugu wawili Hasidi na Mwivu, nao wakageuzwa manyani. Hali ya nafsi ikaonekana katika jina na umbo. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), alikuwa na nafasi ya riwaya nzima ya kufuatilia safari ya Rosa kutoka malezi ya ukali hadi maangamizi. Mtunzi wa hadithi fupi hana miujiza ya ngano wala wasaa wa riwaya. Aghalabu ana tukio moja au mawili, na ndani yake mtu lazima aonekane amekuwa mwingine.

2.0 Mandhari kama Chanzo cha Shinikizo

Tunduma inapakana na Nakonde, upande wa Zambia. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita hapo, shilingi na kwacha hukutana mikononi mwa watu wale wale, na Kinyamwanga huzungumzwa pande zote mbili za mpaka. Tarehe 1 Januari 2013, Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake: kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Noti za zamani na mpya zilitumika pamoja hadi mwisho wa Juni mwaka huo.

Kipindi hicho kinaipa hadithi ya mfano kiini chake. Bibi kutoka Nakonde analeta noti mpya ya kwacha 50. Mbadilisha fedha anamlipa kana kwamba ni kwacha 5,000 za zamani, ilhali thamani yake ni kwacha 50,000 za zamani. Anamsemesha kwa Kinyamwanga na kumwita mama. Imani yake ni kwamba mpaka una ndugu wa lugha, hauna ndugu wa fedha.

Uteuzi wa mwaka unadai uangalifu. Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na kituo cha huduma za pamoja mpakani kilizinduliwa mwaka 2019. Mhusika wa mwaka 2013 hawezi kuvifikiria. Fikra za mhusika zikivuka wakati wake, msomaji husikia sauti ya mtunzi, na mabadiliko yanayofuata huonekana ni ya mtunzi pia.

3.0 Mabadiliko kutoka Rasimu hadi Rasimu

Katika rasimu ya kwanza, mabadiliko hutajwa: usiku mhusika “aliingiwa na huruma”. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Upungufu wake ni kwamba haina sababu. Hakuna kilichoipinga imani yake. Hata hivyo, rasimu hii ina manufaa, kwa kuwa inamwonyesha mtunzi mahali ambapo tukio linakosekana.

Rasimu ya pili huleta shinikizo. Njia nyepesi ni kumfanya bibi agundue na kulalamika, lakini lawama humpa mhusika nafasi ya kujitetea, na imani yake hubaki salama. Shinikizo kali zaidi ni kuaminiwa. Bibi anarudi wiki iliyofuata na fedha za majirani watatu, kwa sababu amewaambia kwamba mbadilisha fedha huyu ni mwaminifu. Imani ya kwamba mpakani hakuna ndugu wa fedha haiwezi kulieleza jambo hilo. Hata hivyo, rasimu ya pili ikimfanya alie na kukiri mbele ya watu, mabadiliko yanazidi uzito wa tukio.

Rasimu ya tatu hupunguza. Mhusika anahesabu kwa haki, kisha anachomeka kimyakimya ndani ya fedha hizo kiasi alichopunja awali. Anataka kubadilika bila kujulikana. Bibi anahesabu upya, anakuta ziada, anairudisha: “Umezidisha, mwanangu.” Hapo siri inaondolewa. Akizipokea fedha, anaiba mara ya pili. Akizikataa, lazima aseme. Wenzake wa vibanda jirani wanasikiliza. Anasema, “Ni zako, mama. Za wiki ile.” Hadithi inaweza kuishia hapo, kwa kuwa gharama imekwisha kulipwa.

4.0 Lugha kama Ushahidi

Kiswahili kinampa mtunzi njia ndogo zenye nguvu. Kwanza ni vionyeshi: mwanzoni usimulizi unaofuata mtazamo wa mhusika humtaja “yule bibi” ingawa amesimama mbele yake, baadaye “huyu bibi”. Pili ni viambishi vya masharti: “angempa haki yake” huacha mlango wazi, ilhali “angalimpa haki yake” hubeba majuto ya lililokwisha pita. Tatu ni neno la wito. “Mama” ya mwanzo ni chambo cha biashara. “Mama” ya mwisho ni neno lile lile likiwa na deni ndani yake. Marudio hayo hufaulu ikiwa mtunzi, akishaujua mwisho, atarudi kwenye mwanzo na kulipanda neno hilo bila kulikolezea.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha hatua tatu: kuibainisha imani ya mhusika, kuipinga kwa jambo isiloweza kulieleza, na kumfikisha mhusika kwenye tendo asiloweza kulificha. Kwa watahini wa kazi za kibunifu, hatua hizi zinatoa swali la kupimia: je, tendo la mwisho lingewezekana kwa mhusika wa ukurasa wa kwanza? Ikiwa lingewezekana, hakuna kilichobadilika. Ikiwa halingewezekana, matini yapaswa kuonyesha mahali lilipoanza kuwezekana.