Kusoma Faili la Takwimu kwa Amri

Mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walianza kuorodhesha kaya za bonde la Kilombero, wakizirudia kila baada ya miezi minne ili kujua nani amezaliwa, nani amefariki na nani amehama. Takwimu za aina hiyo mara nyingi hutunzwa katika faili la maandishi matupu, mkato ukitenga habari moja na nyingine. Tuchukue mfano wa kubuni:

kijiji,kaya,umri,jinsi
Lupiro,7,31,Me
Namawala,112,,Ke

Mistari elfu moja ya namna hii huchosha macho. Katika dirisha la amri andika:

column -s, -t kaya.csv | less -S

Amri ya kwanza hupanga habari katika safu zilizonyooka. Kile kijistari kilichosimama huipelekea less matokeo, nayo huyaonyesha ukurasa mmoja mmoja. -S huzuia mstari mrefu usikunjwe. Ukimaliza, bonyeza q. Faili lenyewe haliguswi.

Lakini tazama Namawala. Umri haukuandikwa, na matoleo mengine ya column huhesabu mikato miwili iliyofuatana kuwa mmoja. Hapo «Ke» husogea chini ya umri, na msomaji mwenye haraka hataona pengo. Basi jaza pengo kwanza:

sed 's/,,/,-,/g' kaya.csv | column -s, -t | less -S

Mapengo mawili yakifuatana, rudia sehemu ya sed. Na mkato ulio ndani ya alama za kunukuu? Column haiutambui, huukata vilevile.